Nilishalipa ushuru, mbona mbegu nanunua tena?

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu, kwamba utafiti unaolipwa na pesa za umma ni mali ya umma na mwananchi ako na haki ya kuuliza faida yake inaenda wapi. Kumbe niligusa kidonda. Jumbe zimekuja kutoka Njoro, Bungoma, Kombewa, Kakamega, zingine za sauti, zingine ndefu kama zile barua za kitambo, na wengi wanauliza kitu kimoja kwa njia tofauti. Nimechagua nne. Ya kwanza nitakaa nayo sana juu ndiyo imebeba hizo zingine.

*Mwalimu, habari ya huko Kisumu. Mimi nalima hapa Njoro, mahindi ekari mbili na ngano kidogo. Kituo cha utafiti cha serikali hakiko mbali na kwangu, tangu nikiwa mtoto naona viploti vyao na vibao vya namba. Wale watu wanalipwa na ushuru wetu, nikinunua mafuta nimekatwa, nikinunua sabuni nimekatwa. Alafu mbegu ikitoka naenda agroveti natoa pesa kama mtu ambaye hakuchanga kitu. Mimi naona kama pesa ya utafiti ilikuwa yangu basi mimi ni mwenye hisa, na mwenye hisa hupewa gawio. Nimekosea wapi?* (Mkulima, Njoro)

Mzee wangu, hujakosea kuuliza, na hiyo pakiti ya mbegu ndiyo mahali pazuri pa kuanzia juu iko mkononi mwako, si maneno ya vitabuni.

Mimi nimelelewa upande wa Kitale. Mwezi wa tatu nyumba yetu ilikuwa na harufu yake, harufu ya ile dawa ya rangi wanapaka mbegu. Mama alikuwa anapanga zile pakiti za kilo mbili mbili juu ya kabati, tano kwa kila ekari, na sisi watoto tulijua hapo mkono haufiki. Mpaka leo nikienda naye dukani ananipa pakiti nikwaruze ile stika, nakwaruza na ukucha, tunatuma namba kwa simu, jibu likirudi kwamba mbegu ni halali ndio anafungua kile kitambaa chake cha pesa. Anahesabu noti pole pole sana. Kwa hivyo swali lako nalijua kwa macho.

Sasa ile mbegu haikuanzia dukani. Pale Kitale kituo cha serikali kilianza utafiti wa mahindi miaka ya 1950, wakachukua mahindi yaliyozoea hali ya hapa wakayakutanisha na mengine ya kutoka Ecuador, na mwaka 1964 ikatoka H611. Hiyo ndiyo ilifungua njia ya hizi haibridi zote za nyanda za juu tunazozijua, mpaka H614 ambayo wazee wengi bado hawataki kuiacha. Kampuni ya Kenya Seed ilikuwa imeanzishwa 1956 hapo hapo Kitale, ikawa ndiyo inazalisha na kuuza, na mwenye hisa nyingi pale ni serikali. Kwa hivyo kwa hesabu ya karatasi, wewe tayari uko na hisa, ila zimeshikwa na shirika la serikali linaloitwa ADC kwa niaba yako, na gawio likitoka linaishia huko juu, haulioni na hakuna anayekuambia.

Lakini tuambiane ukweli, pesa unayotoa agroveti kubwa si ya utafiti. Ni ya kuzalisha mbegu yenyewe. Mbegu ya haibridi inapandwa kwa mistari ya dume na mistari ya jike, na ile ya jike lazima watu wapite mstari kwa mstari waking'oa yale maua ya juu kabla hayajamwaga vumbi, siku baada ya siku, wakichelewa kidogo shamba linakataliwa. Alafu shamba liwe mbali na mahindi ya jirani, wakaguzi wa mbegu wa serikali, KEPHIS, wapite, mbegu ikaushwe, ichambuliwe, ipakwe dawa, ifungwe, ipakiwe kwa lori, na mwenye duka aweke chake juu. Na juu haibridi ukirudia mbegu yake msimu wa pili mavuno yanashuka, unarudi kulipia hiyo kazi kila mwaka. Kuna mahindi ya kustahimili ukame yanaitwa DroughtTEGO, yalitoka kwa mradi wa KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo, na wenzao wa AATF, shirika la teknolojia ya kilimo Afrika, ya kwanza ikatolewa 2013, na kampuni za mbegu zilipewa bila kulipia mrabaha, yaani ile ada ya kutumia kitu kilichobuniwa na mwingine. Bado pakiti inauzwa. Kwa hivyo wakikuambia mrabaha umeondolewa usitegemee mbegu itakuwa ya bure, hiyo ni sehemu ndogo ya bei.

Hapo ndipo mimi na wewe tunaachana kidogo. Wewe unataka gawio mfukoni. Mimi nataka kwanza hiyo sehemu ndogo ionekane. Serikali ikitoa leseni ya aina fulani ya mbegu kwa kampuni, mkulima ajue kampuni inalipa mrabaha kiasi gani kwa kila kilo, na hiyo pesa inarudi kwa wale watafiti wa viploti au inaenda kununua magari ya mtu. Na kwa vitu vya kula na vya kutibu mrabaha uwe mdogo kabisa, juu ukiuweka mkubwa ili "mlipa ushuru apate faida", anayeulipa ni nani? Ni wewe tena, agroveti. Unajikata mkono wa kushoto unajilipa kwa mkono wa kulia, na njiani kuna watu wa kushika.

Alafu kuna hiyo ngano yako. Mwaka 1999 wataalamu walitambulisha ugonjwa mpya wa kutu ya bua uliokuwa umeonekana Uganda, wakauita Ug99, na ngano nyingi sana za dunia hazikuwa na kinga nayo. Wewe umeona kutu, najua. Bua linafanya vidonda vyekundu vya kahawia, ukipitisha kidole unabaki na unga kama wa kutu ya bati, wiki mbili tatu shamba limelala. Tangu 2005 hapo Njoro kwa jirani yako ndipo ngano za kutoka nchi nyingi zinaletwa zipandwe katikati ya huo ugonjwa makusudi, waone gani inasimama. Norman Borlaug mwenyewe, yule aliyepewa tuzo ya Nobel 1970 kwa mambo ya ngano, alifika huko akiwa mzee wa miaka zaidi ya 90 kuona kwa macho yake. Pesa ilikuwa ya Kenya na ya wafadhili wa nje. Zikatoka ngano kama Robin na Eagle 10. Sasa niambie gawio la hiyo kazi utalipimaje? Faida yake ni shamba ambalo halikulala. Hiyo haiandikwi kwa risiti lakini umeila.

Mahali ambapo uko sawa kabisa na nakasirika pamoja na wewe ni pale kampuni moja inapewa kitu cha umma peke yake, inauza kwa bei inayotaka, na umma unarudishiwa makombo. Nikupe mfano wa Marekani kwa sababu wenzetu angalau hesabu zao ziko wazi. Kuna dawa ya saratani inaitwa Taxol, ilitoka kwa ganda la mti wa porini, na watafiti wa serikali ndio waliifukuzia tangu miaka ya 1960. Serikali ikaipa kampuni ya Bristol-Myers Squibb iikamilishe. Mwaka 2003 wakaguzi wa bunge lao wakatoa hesabu: taasisi za afya za serikali zilikuwa zimetumia dola milioni 484 kwa utafiti wa hiyo dawa, kampuni ilikuwa imeuza ya dola bilioni 9, na serikali ilikuwa imepata mrabaha wa dola milioni 35. Yaani kwa kila shilingi 1,000 ya mauzo, mwenye shamba alipewa kama shilingi 4. Na mgonjwa wa huko aliyekatwa ushuru bado alinunua dawa kwa bei ya dukani, na serikali yenyewe ikainunulia wazee kwa mpango wao wa matibabu. Huyo amelipa mara ngapi?

Ila usije ukasema basi serikali ishike kila kitu. Walishajaribu. Kabla ya sheria yao ya 1980 inaitwa Bayh-Dole, patenti nyingi za utafiti wa umma zilikuwa zinabaki kwa serikali, karibu 28,000, na chini ya asilimia 5 ndizo zilikuwa zimechukuliwa na kampuni kutengenezwa kitu. Zingine zililala kwa kabati. Sheria ikaacha vyuo na kampuni ndogo zimiliki, na serikali ikabakiza haki ya kuingilia kama mwenye leseni anakalia kitu bila kukitumia au wananchi hawakifikii. Sheria nzuri, lakini taasisi zao za afya zimeombwa mara kadhaa ziitumie kwa dawa za bei ghali na zikakataa. Kwa hivyo somo kwangu ni hili mzee wangu, masharti yaandikwe siku ya kutoa pesa, sio siku ya kugombania faida. Bei isizidi kiasi fulani kwa soko la nyumbani, ukikalia leseni miaka kadhaa irudi, ukipata faida kubwa asilimia fulani iende mfuko wa utafiti. Israeli wanafanya, kampuni ikisaidiwa na serikali kwa utafiti na bidhaa ikauzika inarudisha kama asilimia 3 hadi 5 ya mauzo mpaka imalize ile pesa. Haikuuzika, hairudishi. Hiyo naielewa, ni kama chama cha mama yangu.

*Mwalimu mimi sina maneno mengi. Nyinyi wasomi mnapenda mzunguko. Serikali ichukue faida yote ya huo utafiti igawe kwa wakenya, kila mtu atumiwe kwa M-Pesa tumalize story. Ama?* (Wa boda, Bungoma)

Ndugu yangu, tufanye hiyo hesabu pamoja, ni fupi.

Australia wako na shirika lao la utafiti la serikali, CSIRO. Watafiti wake waligundua njia ya kufanya mawimbi ya redio yabebe data ndani ya nyumba bila kuvurugana, wakaiwekea patenti, na ile njia ikaingia kwa waifai ya dunia nzima. Kampuni kubwa zikakataa kulipa, shirika likaenda kortini Marekani, miaka na miaka, na kufika 2012 lilikuwa limekusanya zaidi ya dola milioni 430 za kwao. Hiyo ni kati ya ushindi mkubwa kabisa ambao utafiti wa umma umewahi kupata popote. Sasa gawa. Walikuwa watu kama milioni 23. Ni chini ya dola 19 kwa kila mtu, mara moja katika maisha. Wao walichukua milioni 150 ya hiyo pesa wakaweka kwa mfuko wa kufadhili utafiti mwingine. Mimi ningefanya hivyo pia.

Na juu umetaja M-Pesa, hiyo yenyewe ni mfano ambao watu hawaujui. Kabla haijazinduliwa hapa Machi 2007, Vodafone walipewa ruzuku ya karibu pauni milioni moja na serikali ya Uingereza, kutoka kwa mfuko wa kusaidia watu wasio na benki, na wao wakaweka kiasi kama hicho. Mlipa ushuru wa Uingereza hakupewa hisa. Hakuna dereva wa basi kule London anayepata shilingi ukimtumia mteja wako hapo Bungoma. Alilipia kitu kifanyike na kikafanyika, na wewe unalipwa nauli kwa simu usiku bila kubeba noti. Sisi ndio tulipata upande wa pili, serikali yetu ikawa na hisa Safaricom, ada ya kutuma inatozwa ushuru, na wale waliopanga foleni 2008 kununua hisa kwa shilingi 5 wanajua mambo yao. Lakini tukumbuke pia jina na haki za M-Pesa zilikuwa za Vodafone, na Safaricom ilikuwa inalipia kuzitumia mpaka 2020 ziliponunuliwa na Safaricom pamoja na Vodacom. Kitu kimekomaa hapa, kwa mikono ya maajenti wa hapa, na kodi ya jina ilikuwa inavuka bahari. Hilo linaniuma kuliko ile pauni milioni moja, juu ni la kuandikana mapema.

*Hi Mwalimu, niko third year, project yangu ya mwisho nataka kutengeneza mashine ndogo ya kukausha omena bila jua. Lab ni ya chuo, vifaa vimenunuliwa na pesa ya serikali. Nikifaulu ni yangu ama ni ya chuo ama ni ya wakenya?* (Mwanafunzi, Kakamega)

Kijana wangu, kwanza hongera, mvua za hapa ziwani zinaozesha omena nyingi sana na mama zetu wa soko la Dunga watakushukuru.

Jibu ni fupi. Sheria yetu ya mali ya viwanda ya 2001 inasema mfanyakazi akibuni kitu kama sehemu ya kazi aliyoajiriwa, ni cha mwajiri. Wewe si mfanyakazi, kwa hivyo inategemea sera ya chuo chako na kile uliweka sahihi. Itafute hiyo sera wiki hii, isome, uliza mgao ukoje kati ya mbunifu na chuo. Usiweke video mtandaoni na usiende maonyesho kabla hujaongea na watu wa KIPI, ile ofisi ya serikali ya patenti, juu ukishatangaza unaeza poteza haki ya patenti. Na kama sehemu yako ni ndogo kuliko ulivyotarajia usikasirike haraka, ile lab mama wa omena ameichangia pia. Ungeniuliza mimi ningekuambia omba chuo kikupe leseni yenye sharti moja, wanawake wa ufuo wapate ile mashine kwa bei ya kutengenezea. Hapo kila mtu amerudishiwa chake.

Nimalize na huyu. Barua yake niliisoma mara tatu.

*Mwalimu, mimi natoka Kombewa. Mtoto wangu wa kwanza aliwekwa kwa ile study ya chanjo ya malaria akiwa mdogo. Tulikuwa tunaenda naye, wanamtoa damu, analia, mimi nalia. Walikuwa watu wazuri sijakataa, nauli walitupa na akiugua walimtibu. Lakini nasikia sasa chanjo inauzwa nchi nyingi. Sisi tuliotoa watoto tulipata nini? Hatukutoa pesa, tulitoa damu. Hiyo haina gawio?* (Mama, Kombewa)

Mama, pole na asante. Sitakupa majibu ya haraka.

Ile chanjo inaitwa RTS,S. Ilianzia mbali, miaka ya 1980, kampuni ambayo leo ni GSK ikishirikiana na watafiti wa jeshi la Marekani, alafu pesa ya wakfu wa Gates ikaingia kupitia shirika la afya linaloitwa PATH. Kati ya 2009 na 2014 ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000, vituo 11 katika nchi 7 za Afrika, na vituo 3 vilikuwa Kenya: Kilifi, Siaya na kwenu Kombewa. Mtoto wako ni mmoja wa hao. Bila wao ile kampuni ingekuwa na chupa ya maji tu, hakuna mtu angejua kama inafanya kazi. Ilionekana kwa waliopata dozi zote nne inapunguza malaria kwa karibu thuluthi moja ndani ya miaka minne, si kinga kamili lakini hapa kwetu ambapo mtoto anaugua mara kadhaa kwa mwaka, hiyo si kitu kidogo.

Kuhusu pesa, kampuni iliahidi kuuza kwa gharama ya kutengeneza na kuongeza kama asilimia 5, na hiyo asilimia irudi kwa utafiti wa malaria na magonjwa kama hayo. Hiyo ndiyo aina ya gawio ninayoitetea hapa juu tangu nianze, bei. Ingekuwa imepewa bei ya kawaida ya dawa mpya za Ulaya na wewe uambiwe utapata mrabaha, ungepata mrabaha na wajukuu hawangepata chanjo. Septemba 2019 Kenya ikaanza kuitoa, Homa Bay kwanza, alafu kaunti zingine za huku ziwani, na mama akipeleka mtoto kliniki halipi. WHO wakaipitisha rasmi Oktoba 2021.

Lakini kuna deni ambalo si la pesa na hapo naona mlidhulumiwa, si na mtu mmoja, na mazoea. Hakuna aliyerudi kukukalisha chini akwambie, mama, hiki ndicho damu ya mtoto wako ilituonyesha. Umeyasikia kwa redio kama mgeni. Hiyo haikubaliki, na haihitaji bajeti kubwa, inahitaji viti chini ya mti na mtu anayeongea Dholuo. Kila utafiti hapa, uwe wa ushuru wetu au wa wafadhili, ungekuwa na hiyo siku imeandikwa kwa mpango kabla damu ya kwanza haijatolewa.

Ile karatasi ya ridhaa uliyoweka sahihi, walikuachia nakala. Itafute kwa yale makaratasi ya kliniki, kawaida chini kabisa kunaandikwa namba ya kamati ya maadili. Piga. Sema wewe ni mzazi wa mtoto aliyekuwa kwa study na unataka matokeo kwa lugha unayoelewa, na enda na kijana mwenyewe, sasa ni mkubwa, asikie kwa masikio yake. Wakikuzungusha niandikie tena, nitaenda na wewe.